Vidirisha Visivyosomwa: Mafunzo Niliyopata

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeandika yale maneno madogo yanayochomoza kwenye skrini mtu anapokwama: kidirisha cha msaada, maelezo mafupi yanayotokea kishale kikipita juu ya kitufe, onyo la "Una uhakika?". Mengi nimeyaandika kwa ajili ya mifumo ya hesabu za Saccos, yaani hisa, akiba, mikopo na marejesho. Ni kazi isiyo na sifa. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama ulikuwepo. Ukiifanya vibaya, hadi mlinzi wa getini anakujua kwa jina.

Nakuandikia wewe ambaye programu yako iko njiani, na unataka itumike Tunduma na Wete bila kupanda basi kwenda kumfundisha kila karani. Inawezekana. Haya ndiyo ningependa kuyasikia mapema, na nina hakika kuna watu walijaribu kuniambia.

1. Usimweleze mtu anachokiona

Msaada wangu wa kwanza ulikuwa umekamilika, na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Kila sehemu ya kujaza ilikuwa na kidirisha chake, nami nilijisifu kwamba sikuruka hata moja. Kwenye "Jina la mwanachama" kidirisha kilisema: "Andika jina la mwanachama." Kwenye "Kiasi cha mkopo": "Jaza kiasi cha mkopo." Na kwenye "Tarehe ya kuanza marejesho", kama unavyokisia, nilimwelekeza mtu aweke tarehe ya kuanza marejesho.

Siku moja nilikaa pembeni ya karani wa Saccos ya walimu mjini Iringa. Alikuwa anaingiza mkopo uliotoka tarehe 18. Akafika kwenye tarehe ya marejesho, akasita, akafungua msaada. Nikavuta kiti karibu, nimejaa furaha ya mtu ambaye kazi yake inakaribia kusomwa mbele yake. Akasoma, akanigeukia, akasema kwa upole kabisa: "Kaka, hili nimeshaliona. Niweke ipi?"

Maana ya marejesho aliijua kuliko mimi. Walimu wale walikuwa wakikatwa kwenye mshahara. Orodha ya makato hupelekwa kwa mwajiri kabla mishahara haijaandaliwa, na mkopo uliotoka orodha ikiwa imeshakwenda hauwezi kukatwa mwezi huohuo. Alichotaka kujua ni kama aweke mwezi huu au ujao. Tukaandika upya palepale: "Kama orodha ya makato ya mwezi huu imeshapelekwa kwa mwajiri, weka mwisho wa mwezi ujao." Sentensi moja tu.

Tangu hapo, kabla sijaandika msaada wa sehemu yoyote, najiuliza mtu mwenye akili zake, anayeijua kazi yake, angekwama wapi hapa. Nikikosa jibu siandiki kitu. Nafasi tupu haimkeri mtu. Kidirisha kinachorudia maneno yaliyo juu yake, kwa upande mwingine, kinamfundisha mtumiaji kwamba humo ndani hamna kitu, na hatafungua kingine, hata kile kizuri ulichokikeshea.

2. Aliyekwama hana muda wa utangulizi

Kwa muda mrefu niliamini kutosoma maelekezo ni tabia ya wateja wetu. Baadaye nikakutana na kazi za John Carroll, aliyekuwa mtafiti wa IBM katika miaka ya 1980, akiwachunguza watu wa maofisini wakijifunza programu za kuandikia. Walipewa vitabu vya maelekezo vizuri tu, wakaviacha mezani na kuanza kubonyeza. Mwaka 1987 yeye na Mary Beth Rosson waliandika kuhusu jambo hili: mtu anataka kazi yake iishe, kwa hiyo hatumii muda kujifunza, hata pale ambapo kujifunza kungemfanya aimalize haraka. Dawa ya Carroll ilikuwa kufupisha maelekezo, kuyaanzisha na kazi halisi, na kumpa mtu njia ya kujinasua akikosea. Kama hata Wamarekani waliokuwa wakilipwa kusoma hawakusoma, nani mimi nimdai karani wa Makambako?

Kidirisha changu cha kurekebisha muamala kilianza hivi: "Mfumo huu unamwezesha mtumiaji aliyepewa mamlaka husika kufanya marekebisho ya muamala uliokosewa..." Kufikia "husika" msomaji alikuwa ameshanyanyua simu kunipigia. Sasa kinaanza: "Bofya Batilisha, kisha ingiza kiasi sahihi. Risiti ya zamani itabaki kwenye kumbukumbu." Kitendo kwanza, na baada yake lile moja linalomtia wasiwasi, maana kila mhasibu niliyewahi kukaa naye anaogopa kupoteza risiti kuliko anavyoogopa kukosea hesabu. Sababu na historia ya jambo vikae chini, kwa anayetaka kuendelea. Watakuwepo wachache, na ni watu wazuri, lakini usiwaandikie wao mstari wa kwanza.

3. Kidirisha kisichoitwa kinaufundisha mkono kufunga

Waliotumia Office 97 wanaikumbuka ile klipu ya karatasi yenye macho, Clippy. Ulikuwa ukianza barua ya Kiingereza kwa "Dear" inachomoza kukuambia kwamba inaona unaandika barua, je, ungependa usaidizi? Kesho yake unaandika tena, nayo inauliza tena. Toleo la mwaka 2001 lilikuja ikiwa imezimwa, na katika Office 2007 ikaondolewa kabisa. Tuliicheka sana ofisini. Kisha nikatengeneza ya kwangu.

Yangu haikuwa na macho. Iliitwa "Je, Wajua?" na ilifunguka kila asubuhi karani alipoingia kwenye mfumo, na dokezo jipya. Je, wajua kwamba unaweza kupanga wanachama kwa herufi? Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyelalamika. Nilichukulia ukimya ule kuwa shukrani. Nilisahau nafanya kazi na watu wenye adabu, ambao wakiona umewatengenezea kitu na unakifurahia hawatakuvunja moyo. Walijifunza tu kubonyeza Enter. Asubuhi ilikuwa jina, neno la siri, Enter, Enter, na kazi ikaanza.

Ikafika mwisho wa Machi. Karani mmoja alitaka kuchapisha ripoti ya mwezi, na kitufe cha ripoti kilikuwa jirani na cha "Funga Mwezi". Akabofya cha jirani. Kidirisha kikamuuliza, "Una uhakika?" huku "Ndiyo" ikiwa imeshachaguliwa. Enter. Machi ikafungwa hati za benki zikiwa bado juu ya meza, na makato ya mwajiri hayajaingizwa hata moja. Kuufungua mwezi uliofungwa kulihitaji mtu wa kwetu aingie kwenye hifadhidata usiku, wakati hakuna anayefanya kazi.

Ofisini kwetu tulimlaumu yeye, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilimpigia nikamuuliza, kwa sauti ambayo leo nisingependa kuisikia, kama hakuliona onyo. Akajibu, "Onyo lipi?" Hakuwa anajitetea. Jicho lake halikuliona, kwa sababu mkono ulikuwa umeshalifunga, na mkono ule niliufundisha mimi, asubuhi baada ya asubuhi, kwa madokezo ya kupanga wanachama kwa herufi.

Hapa naomba ukae kidogo. Mtumiaji anakuja kwako na kiasi fulani cha utayari wa kusoma, na si kingi. Kila kidirisha kisicho na neno jipya kinakula sehemu ya utayari huo, na siku onyo la kweli likija linakuta umekwisha. "Una uhakika?" yenyewe ni kidirisha kitupu. Anayebofya huwa ana uhakika. Asingekuwa nao asingebofya. Tazama huduma za kutuma pesa kwa simu zinavyofanya: kabla hujaweka namba ya siri unaonyeshwa jina la mtu anayekwenda kupokea. Hilo ni jambo jipya, ambalo hukulijua ulipokuwa unaandika namba ya simu, na ndilo linalokustua ukiona jina la mgeni.

Onyo letu jipya lilisomeka hivi: "Ukifunga Machi hutaweza kuingiza wala kurekebisha muamala wowote wa Machi. Makato ya mwajiri ya Machi hayajaingizwa." Vitufe havikuwa tena Ndiyo na Hapana, vilikuwa "Funga Machi" na "Bado", na hakuna kilichokuwa kimechaguliwa kabla. "Je, Wajua?" tuliifuta siku hiyohiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza imekwenda wapi.

4. Usikae juu ya hela

Mweka hazina mmoja, mama wa makamo, alikuwa na kawaida ambayo sikuielewa. Kabla ya kubonyeza F1 alichukua kalamu, akanakili salio la mwanachama nyuma ya risiti kuukuu, ndipo akafungua msaada. Nikadhani ni mazoea ya enzi za leja. Nilipomuuliza akaniambia: "Mwanangu, hicho kidude chako kinakaa juu ya hela."

Kweli kilikuwa kinakaa. Kidirisha kilifunguka katikati ya skrini kwa sababu katikati ndiko kulikokuwa rahisi kukipanga, na katikati ndiko kulikokuwa na salio, riba na deni lililobaki, yaani vitu vyote ambavyo mtu alihitaji kuvitazama wakati anasoma msaada kuhusu vitu hivyo. Tukauhamishia kulia, kwenye safu yake, ukawa unasomeka sambamba na kazi.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1991 kompyuta za Apple zilikuja na msaada wa maputo, kama yale ya maneno ya katuni. Ukiuwasha, kila unapopitisha kishale panachomoza puto, na skrini nzima inakuwa maputo yanayotokea na kupotea. Wazo lilikuwa zuri, kwani maelezo yalikaa palepale kwenye kitu, lakini mtu anayepita hatofautishwi na mtu anayeuliza.

Leo kuna mwongozo. Viwango vya kimataifa vya ufikivu wa tovuti, WCAG 2.1 vya mwaka 2018, vina kifungu namba 1.4.13 kinachohusu maandishi ya namna hii, na nakushauri ukibandike ukutani. Kinataka mambo matatu. Mtu aweze kuyaondoa maandishi bila kusogeza kishale, kwa kitufe cha Esc kwa mfano. Aweze kupeleka kishale juu ya maandishi yenyewe bila yenyewe kutoweka. Na yabaki hapo mpaka ayaondoe, asogee, au yawe yamepitwa na wakati. Kifungu hiki kinawafaa hasa wenye uoni hafifu wanaoikuza skrini, ambao puto dogo kwako linaweza kujaza kila wanachokiona. Yule mama wa risiti alikuwa na miwani mizito. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili hadi niliposoma kifungu hicho.

5. Kidole hakielei

Tulipohamia kwenye simu, msaada wetu wote wa kupitisha kishale ulipotea siku moja, maana kidole hakipiti juu ya kitu bila kukigusa. Weka alama ya kuuliza inayobonyezwa, kubwa ya kutosha kidole cha mtu mzima, na maelezo yafungukie juu yake ili mkono usiyafunike. Na maneno yakae ndani ya programu yenyewe. Sisi tuliyaweka kwenye seva, bando la mteja likiisha na msaada umekwisha.

6. Kuna foleni inatazama

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu halionekani ukiwa umekaa na karani peke yenu baada ya saa za kazi. Ukitaka kuliona, nenda siku ya mikopo.

Kuna wanachama kumi wamesimama dirishani. Wa mbele ameegemea kaunta na anaiona skrini. Karani amekwama. Msaada uko pale, umbali wa kitufe kimoja, umeandikwa vizuri, nao haufunguliwi. Badala yake karani anashusha pumzi, anaitazama skrini kwa huzuni ya kutosha, na kumwambia mwanachama: "Subiri kidogo, mtandao unasumbua." Kisha anainuka kwenda kumuuliza mwenzake chumba cha ndani.

Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilikwenda kukagua mtandao. Ulikuwa mzima. (Ninaposikia maneno hayo benki sasa, huwa namwonea huruma mtu fulani ambaye ameandika kidirisha mahali.)

Kidirisha changu kilikuwa na kichwa cha buluu kilichoandikwa MSAADA kwa herufi kubwa, na mchoro wa mwalimu ameshika fimbo ya kuonyeshea. Kukifungua mbele ya mwanachama kulikuwa sawa na kutangaza kwamba hela zake ziko mikononi mwa mtu asiyejua. Hakuna mtu mzima atakayekubali hilo ilhali kuna mtandao wa kusingizia. Tukaondoa kichwa, tukamstaafisha mwalimu na fimbo yake. Maelezo yakawa mstari wa kijivu chini ya sehemu ya kujaza, kama sehemu ya fomu, na karani anausoma kana kwamba anahakiki.

Ujumbe wa makosa nao ulikuwa unadhalilisha vilevile. "KOSA! Kiasi batili!" kwa wekundu, na mlio juu. Mwanachama anasikia mlio, anaona wekundu, anajua karani wake amekosea. Kumbe aliyeomba zaidi ya uwezo ni mwanachama mwenyewe. Siku hizi ujumbe unasema: "Akiba inaruhusu mkopo hadi 1,800,000." Karani anaweza kuugeuza ule mstari kuwa maneno ya mdomoni bila kubadilisha hata herufi, na mara nyingi ndivyo anavyofanya. Nikiandika ujumbe sasa nausoma kwa sauti kana kwamba niko kaunta. Usiposemeka kwa heshima mbele ya mtu, unaandikwa upya.

7. Muulize anayepokea simu

Ofisini kwetu alikuwepo dada aliyepokea simu za wateja na kuziandika kwenye daftari la mraba: tarehe, Saccos, swali. Lilikuwa kando ya simu miaka yote ambayo nilikuwa nakisia watu wanakwama wapi. Nilipoliomba hatimaye, alinipa bila neno, lakini ule mtazamo wake naukumbuka.

Maswali yalikuwa yaleyale yakijirudia, na mengi yao hayakuwa na kidirisha kabisa, wakati nilikuwa na kidirisha cha "Jina". Lililonichoma zaidi ni kwamba swali la tarehe ya marejesho lilikuwa bado linaongoza, hata baada ya ile sentensi yangu ya Iringa niliyokuwa naionyesha kwa wageni. Watu waliisoma, wakaielewa, kisha wakapiga simu kuuliza kama orodha imeshapelekwa, kwa sababu karani wa mikopo siye anayeipeleka.

Tukaacha kuandika. Tukaongeza mahali pamoja ambapo anayepeleka orodha anaweka alama kwamba imekwenda, na tangu hapo programu ikawa inaijaza tarehe yenyewe. Sentensi yangu ikafutwa. Kama una njia ya kuhesabu vidirisha vinavyofunguliwa zaidi, vihesabu, na kile kinachoongoza usikifanye kirefu zaidi wala usikipambe. Nenda kaitazame skrini iliyo nyuma yake, mgonjwa yuko hapo.

8. Usiandike namba ambayo mkutano mkuu unaweza kuibadilisha

Kwenye msaada wa mikopo nilikuwa nimeandika kwamba mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake. Saccos moja ikakaa mkutano mkuu ikashusha kiwango hadi mara mbili. Kwenye mipangilio wakabadilisha, na programu ikatii. Msaada haukuwa na habari. Mwanachama mmoja mwenye macho makali akausoma kutokea upande wa pili wa kaunta, akaweka kidole kwenye kioo, akadai mara tatu yake kwa kuwa "kompyuta yenyewe imeandika". Mwenyekiti alitumia asubuhi nzima kueleza ni nani mwenye mamlaka kati ya mkutano mkuu na mimi.

Sasa kiwango kinasomwa kutoka kwenye mipangilio ya Saccos husika, na kikibadilika pale kinabadilika na kwenye msaada. Vivyo hivyo majina ya vitufe. Maneno yanayobaki, kabla ya kila toleo jipya, tunayachapisha yote kwenye karatasi na kuwapelekea makarani wawili watatu pamoja na kalamu nyekundu. Huwa yanarudi yamepungua.